Waje, lakini magongo wayaache

Mhariri, mmeuliza wiki hii kama wafanyakazi wa makampuni wanaojitolea kwenye michezo ya baridi ya wenye ulemavu wa akili wanawasaidia wachezaji au wanajitangaza. Nilisoma mara mbili, chai ikapoa. Nilitaka kujibu neno moja tu: wanajitangaza.

Sisi Malindi barafu tunayoijua ni ya kuhifadhia samaki, na ile ya ukwaju wanayouza watoto. Theluji tunahadithiwa na Waitaliano. Lakini Special Olympics, shirika la michezo ya wenye ulemavu wa akili, ilipofanya michezo yake ya dunia ya baridi huko kwao Turin, Machi 2025, floboli ilikuwemo, yaani mpira wa magongo wa ukumbini, usiohitaji theluji hata chembe. Nchi za jua zinaweza kupitia mlango huo. Na ndio mchezo walioleta wafanyakazi wa kampuni moja, siitaji, katika kitengo maalum anakosoma mdogo wangu.

Ukumbi hatuna. Walicheza kwenye uwanja wa saruji, mwezi wa saba, kusi limeshika. Mpira wa floboli una matundu 26 na uzito wa gramu 23, piga hesabu mwenyewe. Kila ukiwekwa chini, upepo unaupeleka hadi kwenye mkilifi. Wageni na fulana zao za rangi moja wakawa ni kukimbiza mpira, watoto wetu wamesimama wanawacheka.

Mdogo wangu aliwekwa golini. Golikipa wa floboli hana gongo, na hudaka akiwa amepiga magoti. Hilo alilipenda kuliko yote. Akadaka, akautia mpira ndani ya shati. Hautoi. Kanuni ni sekunde tatu, yeye alifika dakika nane. Mwalimu akabembeleza, wapi! Dereva wa basi lao akaanza kupiga honi. Ndipo akaja baba mmoja mnene, nadhani mhasibu, suruali ya kitambaa na viatu vya ngozi, akapiga magoti kando yake juu ya saruji ile ya saa sita. Mpira hakuuomba. Alisema, "Haya mwalimu, nionyeshe unavyodaka."

Mdogo wangu, ambaye mtaani anaitwa taahira hata na watu wazima wanaoswali safu ya mbele, akamshika mabega, akamtanua magoti, akamwinua kidevu. Kisha akautoa mpira mwenyewe, akamrushia. Ukampita. "Pole mzee. Tena." Wakaendelea hivyo mpaka honi ikachoka. Mpiga picha hakuona, alikuwa anashughulika na bango.

Walipoondoka, magongo yote yalirudi kwenye basi. Mpaka leo hawajaonekana tena. Hapo ndipo donge langu lilipo, na nilidhani nitamalizia hapo. Ila nikiandika naona kwamba mzee yule asingefika pale bila basi, na basi lisingekuja bila bango. Basi waje, hata kwa ajili ya picha. Ya Turin siyasemei, nasema ya kitengo chetu. Magongo wayaache. Na wakija wakati wa kusi, waje na mipira mingi, maana mmoja ulirudi ndani ya shati, sasa uko chini ya mto wa golikipa na hautolewi.

Dada wa golikipa, Malindi