Commando niliyoisikia kupitia gunia

Mhariri, wiki hii mmeuliza: ni filamu gani ya zamani ya Hollywood uliyoirudia ukubwani, na je, bado inatazamika? Kwa swali lenyewe sina ugomvi. Kilichonichoma ni maneno mliyoyabandika chini yake, kwamba picha za mapigano za miaka ya 80 zilikuwa misuli mitupu. Nikasema huyu aliyeandika hakupita kwenye banda la video.

Mwezi uliopita niliirudia Commando ya 1985, ya Arnold Schwarzenegger, nikiwa na binti yangu wa miaka 12. Nilitaka aone kwamba na sisi tulikuwa na picha. Katikati akaniuliza, "Baba, lile gari la njano si lilibonyea ubavu mzima? Mbona sasa halina hata mkwaruzo?" Nikamwambia anyamaze atazame. Alipokwenda jikoni nikarudisha nyuma kimyakimya. Kweli. Porsche imelala ubavu, Matrix, yaani Schwarzenegger mwenyewe, anaiinua kwa mikono, anaondoka nayo kama imetoka dukani asubuhi ile.

Niseme ukweli: nasema nimeirudia, lakini kabla ya hapo sikuwahi kuiona yote. Vipande, nani hajaviona. Commando ninayoitetea niliisikia tu, mwaka 1992, Mji Mpya, Morogoro, nimechutama nje ya banda la video.

Wakubwa wenzangu wanajua hali ilivyokuwa. Bara hatukuwa na televisheni mpaka 1994, ilhali Zanzibar walikuwa nayo ya rangi tangu miaka ya 70. Sisi tulikuwa na deki moja, mabenchi ya mbao, kuta za magunia, na mtafsiri mwenye kipaza sauti kilichokuwa kikikoroma. Watu wanamkumbuka Lufufu wa Dar, na wana haki. Ila na sisi tulikuwa na wetu.

Siku hiyo mama alinituma mafuta ya taa. Chenji ikaniwasha mkononi. Kiingilio shilingi 20, nikaingia na chupa yangu imezibwa kwa gunzi, nikaibana katikati ya miguu. Picha ikaanza: Matrix kabeba gogo begani, Matrix na bintiye wanalisha paa. Jenerali akaja kumwonya kuwa wenzake wa zamani wanauawa, akamwachia askari wawili wa kumlinda, akaondoka. Hapo jamaa mmoja akanyoosha mguu akapiga chupa. Gunzi likaruka.

Mtafsiri hakusimamisha mkanda. Akasema, taratibu kabisa: "Steringi anainua pua. Anasema, nasikia harufu ya maadui. Halafu nasikia na harufu ya mafuta ya taa. Kuna mtoto humu kaja kutuchoma!" Banda zima likacheka. Kisha mtu akakumbuka kwamba nusu ya waliomo wanavuta sigara. Nilitolewa kwa sikio.

Nyumbani sikuweza kwenda na robo chupa. Nikachutama nyuma ya banda, sikio kwenye gunia, mpaka mwisho. Kwa sauti ya yule bwana, Arius, dikteta aliyepinduliwa ambaye watu wake wanamteka binti wa Matrix ili Matrix amsaidie kurudi madarakani, alikuwa Idi Amin. Tena Amin mwenyewe bado alikuwa hai kule Saudia, kwa hiyo tuliogopa kwelikweli. Matrix aliruka kutoka kwenye ndege akaangukia kinamasi cha Mto Kagera. Na pale anapomning'iniza Sully, mmoja wa watu wa Arius, juu ya genge kwa mguu mmoja, mazungumzo yalikuwa marefu: Sully akaomba aachwe akamalizie mahari, Matrix akauliza imebaki kiasi gani, Sully akataja ng'ombe wawili, Matrix akasema ni wengi mno, akamwachia. Nilicheka peke yangu gizani, nanuka mafuta ya taa.

Sasa nimeiona. Hakuna mahari. Matrix anamkumbusha Sully ahadi ya kumuua mwisho, anamwambia nilikudanganya, basi, anamdondosha. Nchi ya Arius ni ya kubuni, inaitwa Val Verde, na askari wake wanaanguka kama kumbikumbi, hawana jina wala neno. Nilikaa vibaya kwenye kochi hapo. Bandani walikuwa askari wa Amin, na waliokaa mbele walikuwa na kaka zao waliokwenda vitani 1979, kwa hiyo tulikuwa na sababu zetu za kushangilia. Sebuleni walikuwa vijana tu wa nchi maskini, na binti yangu aliuliza wamekosa nini. Halafu yule Bennett, mtekaji mkuu, na fulana yake ya vyuma! Bintiye mtu katekwa, sisi tunamcheka mtekaji.

Kwa hiyo nilianza kuandika hapa kuwatetea wazee wa misuli, na naona nimefika mahali pengine. Mhariri, kwa sehemu kubwa mlikuwa sahihi. Si kwa yote.

Maana kuna jambo moja. Niliporudi kwenye ile sehemu ya askari wawili, Matrix anamwonya mmoja wao kuhusu upepo. Askari anamuuliza kwa kejeli kama anadhani angeweza kunusa maadui wakija. Matrix anajibu kwamba yeye aliwanusa. Miaka yote hii niliamini ile pua mtafsiri aliitunga kwa ajili yangu. Kumbe ilikuwemo. Aliongeza mafuta ya taa tu.

Jibu langu basi: haitazamiki, isipokuwa kwa mwenye binti wa kumchokoza, na mvua inanyesha, na umeme upo. Alama nne kwa kumi. Mahari ya Sully sijaihesabu, kwa kuwa haikurekodiwa popote ninapopajua. Mama aliambiwa nilijikwaa relini, na kama anasomewa gazeti hili, shikamoo mama, ilikuwa Commando.