Chakula cha jioni siku za kazi: maswali yenu na majibu

Nafika nyumbani saa moja jioni na watoto wana njaa tayari. Kitu gani kinaweza kuiva ndani ya nusu saa?

Vingi tu, mradi usianzie kwenye kumenya kitunguu. Muda mwingi wa jikoni haupotei kwenye kuivisha, bali kwenye kukata, kukaanga vitunguu na kungoja nyanya ziive. Hiyo kazi ifanye mara moja siku ya mapumziko, kwa ajili ya wiki nzima.

Kata kilo moja ya vitunguu, uvikaange kwa nusu kikombe cha mafuta, moto wa wastani, dakika 15 hadi 20, mpaka vilainike na kuanza kuwa na rangi ya kahawia. Tia vijiko viwili vya kitunguu saumu na tangawizi iliyotwangwa, koroga dakika moja tu, kwa sababu kitunguu saumu kikiungua kinaleta uchungu usiotoka. Mimina kilo mbili za nyanya zilizosagwa, acha sufuria wazi, zichemke dakika 30 hadi 40 huku ukikoroga chini. Utajua zimeiva pale mafuta yanapojitenga pembeni. Ukiepua kabla ya hapo, mchuzi utabaki mchachu, na watu wengi hukimbilia kutia sukari wakati kinachohitajika ni moto zaidi. Pilipili usitie, na chumvi weka kidogo. Utakoleza siku ya kupika.

Rosti hii ikishapoa, pakia kikombe kimoja kimoja kwenye mifuko ya friza na uilaze iwe bapa, unene usiozidi sentimeta mbili. Pande hilo jembamba linayeyuka kwenye sufuria ya moto kwa dakika chache. Bonge la duara litakusubirisha. Kwenye friza ubora wake hukaa miezi mitatu hivi.

Kuanzia hapo, jioni ni nyepesi. Vikombe viwili vya rosti hiyo vikichemka kwenye kikaango kipana, fanya vishimo, pasulia mayai sita hadi manane, funika, punguza moto, dakika sita hadi nane ute mweupe umeshika. Au chemsha kikombe kimoja na nusu cha dengu nyekundu zilizokobolewa kwa vikombe vinne vya maji, dakika 15 hadi 20 bila kuloweka, kisha changanya na kikombe kimoja cha rosti. Au kaanga nusu kilo ya nyama ya kusaga mpaka maji yakauke na ishike rangi, tia kikombe cha rosti, dakika kumi, umwagie juu ya tambi. Wali na tambi viinjike kabla hujagusa kitu kingine. Vyenyewe havihitaji kuangaliwa sana.

Nimesahau kutoa nyama kwenye friza asubuhi. Nikiiacha mezani iyeyuke kuna ubaya?

Upo. Nje huyeyuka mapema na kupata joto wakati katikati bado ni barafu, na bakteria huzaliana haraka kati ya nyuzijoto 4 na 60. Njia salama ya haraka ni kuifunga kwenye mfuko usiopitisha maji, kuizamisha kwenye maji baridi na kubadilisha maji kila dakika 30. Nusu kilo huyeyuka kwa saa moja au pungufu. Ukitumia maikrowevu, ipike hapo hapo, maana kingo zake huwa zimeshaanza kuiva.

Vipande vya kuku unaweza pia kuvitia kwenye mchuzi vikiwa vimeganda, ila ongeza nusu ya muda wa kawaida: kilichohitaji dakika 30 kipe 45. Kama una kipimajoto cha chakula, katikati ya kipande pasome nyuzijoto 74. Usikitumbukize kilichoganda kwenye mafuta ya moto. Barafu hugeuka mvuke ghafla na mafuta yatakurukia.

Maharage yangu nachemsha saa mbili na bado ni magumu. Tatizo ni nini?

Mara nyingi ni mojawapo ya mambo matatu: yamekaa ghalani muda mrefu, maji yako yana chokaa nyingi, au umetia nyanya mapema. Asidi ya nyanya, ndimu na siki huzuia maganda kulainika, kwa hiyo viungo hivyo vingoje mpaka punje ibonyezeke kwa vidole. Loweka usiku kucha, mwaga maji ya kulowekea, chemsha kwa maji mapya. Kwa maharage ya zamani, robo kijiko cha chai cha magadi soda kwa nusu kilo husaidia. Ukizidisha, yatapondeka na kuonja kama sabuni.

Presha kuka inamaliza maharage yaliyolowekwa kwa dakika 10 hadi 20 kutegemea aina. Usijaze kupita nusu: povu hupanda na linaweza kuziba tundu la mvuke. Wenye sufuria ya umeme ya kupika polepole wawe waangalifu na maharage mekundu makubwa. Yana sumu ya asili ambayo joto dogo haliiondoi, kwa hiyo lazima kwanza yachemke kwa nguvu jikoni angalau dakika kumi.

Yakiiva, gandisha na maji yake kidogo. Makavu hupasuka.

Kila nikikaanga nyama inatoa maji na kuchemka badala ya kushika rangi.

Umejaza kikaango. Nyama nyingi ya baridi ikiingia kwa pamoja joto hushuka, maji hutoka haraka kuliko yanavyokauka. Kausha nyama kwa taulo ya karatasi, ngoja mafuta yapate moto sawasawa, kaanga kwa mafungu mawili au matatu yenye nafasi katikati, na usiigeuze mpaka ijiachie yenyewe chini.

Wali wa jana nawapa watoto leo usiku. Kupasha moto kunatosha?

Inategemea ulilala wapi. Bakteria aitwaye Bacillus cereus hupatikana kwenye mchele mkavu, na akiwa katika hali yake sugu hustahimili kuchemshwa. Wali ukikaa kwenye sufuria usiku kucha, bakteria huyo huamka, huzaliana na kutoa sumu ambayo kupasha moto hakuivunji. Kwa hiyo utandaze kwenye sinia upoe upesi, uingie kwenye friji ndani ya saa moja, uliwe kesho yake, na upashwe mara moja tu mpaka utoe mvuke wote. Uliolala nje, tupa.

Kiporo kilichotunzwa vizuri ni bora kuliko wali mpya kwa kukaanga, kwa kuwa punje za baridi haziambatani. Vikombe vinne vya wali, mayai matatu, karoti na hoho zilizokatwa ndogo, moto mkali, dakika tano.

Mmoja hataki pilipili, mwingine hataki mboga. Nipike vyakula viwili?

Hapana. Pika sufuria moja, gawa kabla ya pilipili. Mboga za majani zipikwe kando kwa dakika mbili au tatu, kila mtu achote mwenyewe. Zikichanganywa na mchuzi, asiyezitaka hukataa sahani nzima.

Ni vyakula gani visiende friza?

Vipande vya viazi kwenye mchuzi huwa majimaji na vya chengachenga, mayai ya kuchemsha ute wake mweupe huwa kama mpira, tango na nyanya mbichi za kachumbari hunyauka kabisa. Tambi zilizoiva zinavumilika kama umezitoa zikiwa bado ngumu kidogo. Mchuzi wa viazi ugandishe bila viazi, uvitie siku ya kula. Tarehe iandike kabla ya kujaza mfuko, maana ukishalowa haushiki wino.