Kabla hamjauza shamba: jibu langu kutoka Bristol

Wanangu,

Ujumbe wenu nimeusoma wote, na ule wa sauti wa baba yenu nimeusikiliza mpaka mwisho. Mnasema kuna ajenti Mombasa anataka laki nane kila mmoja awapeleke Uingereza kulea wazee, na baba yenu ameshapata mtu wa kununua shamba la kule mtoni. Halafu mkaongeza hili lililoniudhi: kwamba shangazi yenu anawaficha utamu. Kwamba huku mtu mweusi ana haki zake, sanamu ya mwuza watumwa ilitoswa baharini mchana kweupe na hakuna aliyefungwa, na mzungu akikubagua unamshtaki, unalipwa.

La laki nane nalimaliza kwanza. Tangu tarehe 22 Julai 2025 Uingereza imefunga mlango wa kuajiri walezi wa wazee kutoka nje. Anayewauzia nafasi hiyo leo ni mwizi, hata akiwa na ofisi na muhuri. Na hata kabla ya hapo, tangu Machi 2024, mlezi aliyetoka nje hakuruhusiwa kuja na mume, mke wala mtoto. Baba yenu amrudishie mnunuzi arubuni yake leo hii.

Sasa hilo la haki.

Sanamu ni kweli. Ilikuwa ya Edward Colston, mkubwa katika kampuni iliyosafirisha makumi ya maelfu ya Waafrika utumwani, na mji huu ulimtukuza kwa vizazi. Tarehe 7 Juni 2020 waandamanaji waliifunga kamba, wakaiangusha, wakaiburuta mpaka gatini wakaitosa. Wanne walishtakiwa na wote wakaachiwa huru Januari 2022. Sasa imelazwa kwenye makumbusho palepale bandarini, na rangi waliyoimwagia bado iko. Nilikwenda kuitazama nikafurahi, siwafichi. Nilisimama pale nikamkumbuka marehemu babu.

Lakini kesho yake nilikuwa na zamu ya asubuhi ya kulea wazee majumbani mwao, na ya zamu ndiyo mnayotakiwa kuyajua.

Kuna mzee mmoja ninayeanza naye. Mlangoni kwake pana kisanduku cha ufunguo kilichopigiliwa ukutani. Nabonyeza namba, natoa ufunguo, naingia. Lazima niguse simu kwanza ili kampuni ione nimefika, kwa sababu nalipwa dakika za ndani ya nyumba tu. Dakika za njiani kati ya mzee mmoja na mwingine, kwenye mvua, hazilipwi. Nampata amelala kwenye mkojo wa usiku kucha. Navaa glavu. Nikimshika bega nimgeuze, ananiambia nimwondolee mikono yangu michafu, aletewe mzungu. Na kuna jina ananiita, sitaliandika hapa. Namjibu, "Nusu saa tu, mzee, tutamaliza." Namwosha mgongo, mapaja, huko kwingine. Namkausha katikati ya vidole vya miguu, maana pakibaki maji ngozi huchanika. Nabadilisha shuka, nampikia uji wa shayiri, nampa vidonge vyake kimoja kimoja, naandika kila kitu. Ananitukana mpaka nafunga mlango.

Niliripoti. Meneja akasema mzee ni mgonjwa, hajui asemalo. Nikamwambia anajua, kwa sababu akija mlezi wa Kipoland hatukani. Ndipo akanijibu, kwa upole kabisa, kwamba nikiona kazi imenishinda nimwarifu, watu wapo.

Nyinyi mkisikia hivyo mtauliza mbona hukuacha kazi, mbona hukushtaki. Visa yangu imefungwa kwa mwajiri huyo. Akiniachisha anaitaarifu serikali, na serikali ikishanipa barua nina siku 60 za kupata mwajiri mwingine mwenye leseni ya kudhamini wageni, la sivyo nifungashe. Sheria ya kunilinda ipo, ya mwaka 2010, nzuri, imeandikwa vizuri, na mahakama ya kazi ipo. Lakini kesi huchukua miezi na miezi. Siku 60 zinakwisha hata hujajua wakili wa bure anapatikana wapi. Msaada wa serikali sistahili hata senti, visa yenyewe inasema. Sasa mniambie, hiyo haki niile vipi?

Mnapenda kunitumia picha za Martin Luther King. Nami niwape ya hapahapa Bristol, kwa sababu yalitokea mwaka uleule tuliopata Uhuru, 1963. Kampuni ya mabasi ya mji huu ilikuwa haiajiri mweusi wala Mhindi kuwa dereva au kondakta. Karakana na kantini, sawa. Kwenye basi, hapana. Sheria haikuwakataza. Wenyewe walisema wakimchukua mweusi wazungu watakimbia kazi, na tawi la chama cha wafanyakazi lilisimama upande huohuo. Kijana mmoja kutoka Jamaika, Guy Bailey, aliombewa usaili kwa simu na afisa wa vijana aliyeitwa Paul Stephenson. Kampuni ikajibu nafasi zipo, aje. Walipojua ni Mjamaika, usaili ukafutwa.

Stephenson, Roy Hackett, Owen Henry na wenzao wakatangaza watu wasipande mabasi. Wakatembea kwa miguu, wakaendesha baiskeli, wanafunzi wa chuo kikuu wakaandamana nao. Ilianza mwisho wa Aprili. Tarehe 28 Agosti, siku ileile King anahutubia Washington, kampuni ikasalimu amri. Septemba basi likapata kondakta wake wa kwanza asiye mzungu, Raghbir Singh. Miaka miwili baadaye Bunge likapitisha sheria ya kwanza ya kupinga ubaguzi wa rangi nchi hii, na mwaka 1968 ikaongezwa ya kazi na nyumba. Nikipita mtaa wa St Pauls na kuona sura ya Hackett imechorwa ukuta mzima, moyo wangu unajaa.

Lakini angalieni walisimama juu ya nini. Wengi wao walikuwa na pasi za Uingereza. Sheria ya 1948 iliwahesabu watu wa makoloni kuwa raia. Bosi wa mabasi aliweza kuwanyima kazi, hakuweza kuwapandisha ndege. Mtu aliyekatazwa kazi asubuhi jioni alilala kwake, kesho akaenda kuandamana. Mimi siwezi. Ndiyo maana hata watoto wa watu hao, walipokuja kudaiwa karatasi uzeeni, waliumia vile: mwaka 2018 nchi nzima ilishtuka kusikia wazee walioletwa huku wakiwa wadogo, wakafanya kazi na kulipa kodi maisha yao yote, wamenyimwa matibabu, wamefukuzwa kazi, wengine wamerudishwa visiwa vya Karibi wasikokujua. Karatasi ikiondoka, na historia yako yote ya kupigana inaondoka nayo.

Na sisi hatuhitaji kufundishwa jambo hili na Wajamaika. Babu yenu alivaa kipande. Mnakijua kwa hadithi tu, basi niwaambie alivyotuambia. Kikaratasi chenye alama za vidole, jina, kabila, mshahara, na jina la mwajiri, ndani ya kikebe cha bati, kamba shingoni. Kilianza kushurutishwa mara baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, kwa wanaume Waafrika peke yao. Ukitaka kuhama shamba la mkonge, lazima bwana atie sahihi kwamba amekuachilia. Asipotia, ukiondoka wewe ni mtoro, polisi wanakutafuta. Harry Thuku alikipinga waziwazi, akakamatwa Machi 1922, na watu waliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe walimiminiwa risasi. Waliokufa, kwa hesabu ya serikali yenyewe, ni 21.

Sisemi ni sawa. Mimi sikuchapwa kiboko, nilikuja kwa miguu yangu, na mshahara huu ndio uliomsomesha dada yenu mkubwa na kumlipia bibi yenu hospitali. Lakini sahihi ya bwana naifahamu. Nikisoma barua ya udhamini namwona mzee wetu amesimama mbele ya nyapara akingoja kuachiliwa.

Kwa hiyo msiniulize tena kama huku kuna uhuru. Niulizeni kama nikitukanwa asubuhi naweza kusema sitaki, na kesho nikala. Bado siwezi. Nilipokuja kanuni ilikuwa nikitimiza miaka mitano naruhusiwa kuomba ukaazi wa kudumu, na Mei 2025 serikali ilitangaza inataka kuifanya kumi. Mlezi mwenzangu aliposoma habari hiyo alikaa kwenye ngazi za nyumba ya mteja akalia, kisha akapangusa uso akaingia, kwa sababu saa ilikuwa inahesabu.

Basi fanyeni hivi. Msije. Somo la uuguzi uliloanza, wewe binti, limalize, upate leseni yako ya Kenya, uwe na kitu mkononi kisichomtegemea mtu kukutilia sahihi. Ukishakuwa nesi kamili mlango wake ni mwingine, na ukitaka kuja wakati huo nitakupokea uwanja wa ndege kwa mikono miwili, utalala kwangu, hutalipa kodi ya nyumba mpaka usimame. Lakini usimlipe ajenti. Mwajiri haruhusiwi kukuuzia udhamini, kwa hiyo yeyote anayetaja bei umkimbie. Mkataba wowote utakaopewa nitumie picha ya kila ukurasa kabla ya kushika kalamu.

Ukifika, ukitukanwa, nyamaza kwanza uandike. Tarehe, saa, maneno yaleyale, nani alikuwepo. Nyamaza mpaka karatasi zako zikae sawa. Hapana, usinyamaze. Mimi nilinyamaza na sasa usiku siwezi kulala. Maneno ya yule mzee yanarudi kwa sauti yake. Jiunge na chama cha wafanyakazi mwezi wa kwanza. Mimi niko UNISON, na chama kinadai visa isifungwe kwa mwajiri mmoja, mlezi aweze kuhama popote penye kazi ya ulezi. Mwezi ujao tunakwenda kumwona mbunge wetu, mimi na walezi wengine, Wazimbabwe wengi, Wahindi, na yule wa Kipoland ambaye hana shida hii lakini anakuja. Nimeambiwa nizungumze. Nitamweleza habari za barua ya udhamini na za kipande cha baba yangu.

Bibi yenu nimesikia anaogeshwa na jirani siku hizi. Kila nikimgeuza mzee wa watu kitandani namfikiria yeye. Mwambieni pesa ya huyo jirani natuma mimi, kila mwezi, asimlipe kwa kuku. Na wewe wa kiume, laki nane unazozitafuta huna, na nimeshaongea na baba yako: shamba la mtoni haliuzwi. Pampu ya maji nitalipa nusu, nusu utafute wewe. Nitumie bei ya dukani Voi, siyo ya rafiki yako.

Shangazi yenu