Kipimo cha Pap Safi, Majimaji Hayakomi

Kama unatokwa na majimaji ukeni hadi unavaa pedi kila siku, hayanuki, hayawashi, na dawa za fangasi hazijasaidia kitu, usikubali kuishia kwenye kipimo cha pap, kile cha kuchukua seli za mlango wa kizazi kwa brashi. Changu kilitoka safi. Cha virusi vya HPV nacho kilitoka hasi. Nikaambiwa ni homoni, na kusema kweli simlaumu sana aliyesema hivyo: saratani nyingi za mlango wa kizazi zinatokana na HPV, na vipimo hivyo vimetengenezwa kuzikamata hizo.

Yangu ilikuwa saratani ya mlango wa kizazi iitwayo adenokasinoma, inayoanzia kwenye tezi za ute, tena ile aina adimu ambayo seli zake hufanana na za tezi za mfuko wa chakula tumboni. Hii haihitaji HPV. Hukaa juu ndani ya mlango wa kizazi, mahali ambapo brashi inaweza isifike, na kuna namna yake ambayo hata kwa darubini tezi hazitofautiani sana na zile nzima. Kinachotia mashaka ni jinsi zinavyojipenyeza ndani zaidi. Sasa kinyama kilichonyofolewa juujuu kitaonyeshaje hilo? Changu kilirudi na jibu kwamba hakuna saratani.

Kilichofungua njia ni MRI, kipimo cha picha za ndani ya mwili kinachotumia sumaku. Ilionyesha vivimbe vya maji vimejazana ndani kabisa ya ukuta wa mlango wa kizazi. Vivimbe vya namna hiyo mara nyingi havina madhara, kwa hiyo picha peke yake haikutosha. Ilibidi nikatwe kipande kikubwa chenye umbo la koni. Hicho ndicho kilichosema ukweli. Kwa hiyo ukiwa na dalili zisizokoma, muulize daktari wako waziwazi: sampuli ilichukuliwa kwa kina gani? Njia ya ndani ya mlango wa kizazi ilikwanguliwa?

Kama una madoa meusi midomoni tangu utotoni, au kwenu kuna ugonjwa wa Peutz-Jeghers unaoleta vinyama utumboni, mwambie hata asipouliza. Ugonjwa huo una uhusiano na saratani hii.

Halafu kuna mpatholojia, daktari anayechunguza sampuli kwa darubini, ambaye wagonjwa wengi hatumwoni kamwe. Wapatholojia wengi hukutana na aina hii kwa nadra mno. Omba vioo vya sampuli na vile vipande vilivyohifadhiwa kwenye nta vipelekwe kwa mwingine aliyebobea katika magonjwa ya uzazi, na barua inayoeleza dalili zako iambatane navyo.