Skrini ya inchi 43 kwa 9,500: jibu kwa dada wa Mbale, Vihiga

Dada, nimesoma swali lako. Umeona ukurasa wa Facebook wenye wafuasi zaidi ya elfu themanini, wanauza skrini ya TV ya inchi 43 kwa shilingi 9,500, ofa ya Black Friday. Wanataka nusu sasa, nusu nyingine wakishakutumia picha ya risiti ya basi kuonyesha mzigo umetumwa. Unauliza kama kulipa nusu-nusu kunakukinga.

Hakukukingi. Mimi niko kaunta ya mizigo ya basi hapa Kisumu, na hiyo picha ya risiti naijua vizuri. Kuanzia Novemba hadi mkesha wa Krismasi watu wananijia nayo, wamefuata mzigo ambao haukuwahi kupakiwa popote.

Majuzi alikuja mzee mmoja kutoka upande wa Luanda, huko huko Vihiga. "Kijana, mzigo wangu umeshuka? Waliniambia saa nne." Nikaomba simu nione. Risiti ilikuwa yetu kabisa, nembo yetu, rangi yetu. Lakini sisi tunaandika kwa kalamu, na jina lake lilikuwa limechapwa kwa herufi za kompyuta juu ya kipande cheupe kuliko karatasi yenyewe. Kwenye uzito waliacha kilo 2. Skrini ya ukubwa ule ndani ya kartoni yake haiwezi kuwa kilo mbili hata siku moja. Nikafungua kitabu nikatafuta namba: ilikuwa risiti ya zamani, mtu alikuwa ametuma viatu Siaya. Nikamwambia, "Mzee, risiti ni yetu, ila mzigo haupo." Akaniuliza, "Na dereva aliyenipigia je?"

Kumbe alikuwa amepigiwa na "dereva", akaambiwa gari limezuiwa kwenye mizani ya Gilgil na atume 1,500 mzigo uachiliwe. Akatuma. Hapo ndipo pesa nyingi huendea, dada, kwa sababu mtu akishalipa nusu anaogopa kuipoteza, kwa hiyo analipa tena ili kuiokoa. Leo ni mizani, kesho ni bima, keshokutwa ni ushuru. Ukweli ni kwamba mzigo wa basi ukipata shida njiani, ofisi ndiyo inayoongea na ofisi, na aliyetuma ndiye anayetafutwa. Dereva hana shughuli na M-Pesa ya mpokeaji. Ukitaka kujua kama risiti ni ya kweli, usipige namba iliyoandikwa kwenye picha. Tafuta namba ya ofisi mwenyewe, au mtume mtu stendi, usome namba ya risiti, uulize. Ni kazi ya dakika mbili na hakuna karani atakayekukatalia.

Sasa huo ukurasa. Wafuasi elfu themanini si kitu. Ingia sehemu ya uwazi wa ukurasa, Facebook wenyewe wanaonyesha ulifunguliwa lini na majina ambayo umewahi kubadilisha. Nimeona mmoja uliokuwa ukurasa wa maombi, ukawa wa mpira, kisha Oktoba ukawa wa "Electronics". Wale wafuasi walikuja kwa ajili ya maombi. Soma na maoni: yakiwa yamefungwa, au yote yanasema "nimepokea, asante sana" ndani ya siku moja, achana nao. Picha ya hiyo skrini pia itafute kwenye Google uone imetoka wapi. Mara nyingi utaikuta kwenye duka la nchi nyingine.

Watu wengi humu kwenye kundi wanakwambia angalia bei, ikiwa chini sana kimbia. Ni kweli, kwa 9,500 hata muuzaji wa jumla hakupi inchi 43 mpya. Lakini mimi bei naiweka nyuma, maana wakora wenye akili siku hizi wanapunguza elfu mbili tatu tu, na hapo huwezi kushtuka. Ninachoangalia kwanza ni pesa inaenda kwa nani, na nani ana uwezo wa kuirudisha.

Ukilipa kwa till (namba ya M-Pesa ya duka) au ukituma kwa namba ya simu, jina linatokea kabla muamala haujakamilika. Lisome. Ukurasa unajiita duka la Luthuli Avenue, Nairobi, jina linalotokea ni la saluni au la mtu usiyemjua: simamisha, uliza. Sisemi kila mwenye till ya jina lake ni mwizi, wafanyabiashara wengi wadogo waaminifu wako hivyo, mimi mwenyewe nawanunulia. Ila muaminifu ukimuuliza atakueleza bila hasira. Mkora ataanza kukuharakisha: "stoki imebaki mbili, mteja mwingine yuko kwenye laini." Hiyo haraka ndiyo biashara yake.

Halafu watu wanajidanganya kuhusu 456. Ndiyo, ukituma pesa kwa makosa unapeleka ule ujumbe wa M-Pesa kwa 456 na Safaricom wanajaribu kuirudisha. Lakini huduma hiyo ilitengenezewa aliyekosea namba, na inategemea pesa iwe bado iko. Tapeli halazi pesa kwenye simu. Kabla hujamaliza kuandika, ameshaitoa.

Najua utaniambia, "Lakini maduka ya Nairobi yote yanasema nje ya Nairobi ni kulipa kwanza." Ni kweli, na wanazo sababu zao, wametumia watu wa huku mizigo ikakaa stendi bila kuchukuliwa. Kwa hiyo kama lazima ununue Nairobi, usimfuate muuzaji kwa simu, mpelekee mtu. Kila familia ya Vihiga ina binamu au shemeji Nairobi. Aingie dukani, si "jengo fulani Luthuli" bali jengo, ghorofa na namba ya duka. Awashe skrini aione inafanya kazi, alipe pale, achukue risiti yenye dhamana, kisha yeye ndiye aipeleke stendi kwa jina lako. Muuzaji akisema "duka lipo lakini kwa sasa tunahudumia mtandaoni tu", umeshapata jibu lako.

Njia nyingine ni hizi tovuti kubwa zenye vituo vya kuchukulia mizigo, Jumia kwa mfano. Nyingine zina kulipa ukipokea kwa baadhi ya bidhaa, na hata ukilipa mbele una mahali pa kurudisha. Sharti moja: oda na malipo yabaki ndani ya programu. Muuzaji akikuambia "njoo WhatsApp nikupunguzie", amekutoa kwenye ulinzi wote uliokuwa nao.

Mimi ningekuwa wewe ningepanda matatu nije Kisumu. Zunguka Oginga Odinga Street na Ang'awa Avenue, uliza maduka matatu manne. Ukitoa nauli ya mzigo na hofu, tofauti na Nairobi ni ndogo, na ikiharibika Januari unajua mlango wa kugonga.

Na hata mzigo wa kweli ukifika, ufungue kaunta, mbele ya karani, mtu akirekodi kwa simu. Kuna waliopeleka nyumbani wakakuta vipande vya vigae na magazeti. Sisi tunasafirisha kartoni, kilichomo hatukijui, na ukishaweka sahihi ukaondoka nalo huna la kutudai.

Zile linki za WhatsApp za "zawadi ya Krismasi" kutoka supamaketi, za kujibu maswali kisha usambaze kwa makundi: futa tu.

Umesema pia umeshatuma 500 ya "kushikiwa" hiyo skrini. Iache, usiifuate na nyingine. Hifadhi ujumbe wa M-Pesa, namba zao na mazungumzo yote kabla hawajakublok. Nenda kituo cha polisi uandikishe, upewe namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), hata kama ni 500, maana namba ya simu ya hao wakora huenda imekula watu wengine na malalamiko yakikusanyika ndiyo yanafanyiwa kazi. DCI, wapelelezi wa polisi, wana laini ya bure, 0800 722 203. Ujumbe wa utapeli upeleke kwa Safaricom, namba 333.

Kama wameshakutumia picha ya risiti, iweke hapa, ficha jina na namba yako. Kesho niko kazini tangu asubuhi, nitaiangalia kabla foleni haijaanza.