Kagua kiungo kabla fundi hajawasha mashine

Masika yakikolea, magari ya miwa hukwama mashambani na viwanda vya sukari vya Morogoro na Kilimanjaro huzimwa kwa matengenezo. Kwetu wakaguzi wa weldingi huo ndio msimu. Boila imepoa, mabomba yaliyolika yanakatwa, mapya yanaunganishwa, na kila anayepita anauliza moto utawashwa lini. Kama umepewa kazi hii kwa mara ya kwanza, nakushauri muda wako mwingi uutumie kabla mshono haujachomwa. Ukingoja kuitwa na tochi kazi ikiwa imekwisha, unabaki na "ndiyo" au "hapana" tu, na "hapana" ya siku za mwisho ina maadui wengi.

Anza na rodi. Viungo vingi vya boila hujazwa kwa rodi aina ya 7018, ambayo ganda lake hunyonya unyevu upesi, na masika hewa yenyewe ni maji. Unyevu huo huingiza haidrojeni kwenye chuma, na ufa wake unaweza kujitokeza hata siku mbili baadaye, wewe umeshasaini. Kanuni ya weldingi ya Marekani, AWS D1.1, huipa 7018 ya kawaida saa 4 tu nje ya oveni ya kuitunza ikiwa kavu. Kwa hiyo usiridhike kuambiwa oveni ipo, ifungue. Nimeshakuta oveni inayopasha wali wa mafundi, rodi ziko kwenye ndoo iliyo wazi.

Kisha mwambie msimamizi mapema kwamba hakuna bomba litakaloguswa na moto kabla hujaziona kingo zake. Ziwe zimesagwa hadi zing'ae, zimekaa sawa, na pengo liwe lile lililoandikwa kwenye utaratibu wa kazi. Ukiona maji yanachuruzika kutoka ndani, simamisha, maana yakigeuka mvuke yatauacha mshono na vitundu. Mafundi wa zamani huziba kwa mkate mweupe uliotolewa ganda, ambao baadaye huyeyuka na kusukumwa nje na maji. Ujanja huo unafanya kazi, lakini kwanza fuata valvu. Mara nyingi ndiyo inayovuja.

Cheti cha welda kitazame tarehe. Kwa kanuni ya boila ya ASME Sehemu ya IX, sifa yake hukoma akikaa miezi 6 bila kuchomea kwa njia aliyopimiwa. Hata kikiwa hai, mpe kipande cha majaribio katika mkao uleule atakaofanyia kazi. Anayechoma vizuri mezani anaweza kukwama akilala chali ndani ya tanuru.

Mshono ukishapoa, anza kuutazama kwa nyuma. Mbele ya bomba huwa pazuri karibu siku zote. Nyuma, upande wa ukuta, welda amechoma akitazama kioo au akipapasa, na huko ndiko utakuta mifereji pembeni mwa mshono. Beba kioo chako mwenyewe.

Kwenye kipimo cha rangi nyekundu, kinachofichua nyufa za juu ya chuma, haraka ndiyo huharibu. Iache rangi ipenye, kwa kawaida dakika 10 hivi, kisha uifute kwa kitambaa kilicholowekwa kidogo dawa ya kusafishia. Ukiipuliza dawa moja kwa moja kwenye chuma, unaiosha hata rangi iliyoingia kwenye ufa, na ufa unapita salama mbele ya macho yako. Picha za mionzi nazo zina upofu wake: ufa mwembamba uliokingama na mwelekeo wa mionzi unaweza usionekane kabisa.

Utaambiwa, "Injinia, tupige presha ya maji, kama kuna kasoro itajionyesha." Usikubali. Presha ya maji huonyesha panapovuja leo, chuma kikiwa baridi. Kiungo kilichoshika nusu ya unene kinaweza kuihimili bila kutoa hata tone, kikaja kupasuka katikati ya msimu wa kusaga. Kwa hiyo maji yasiingie hadi kila kiungo kwenye ramani ya viungo kiwe na namba ya welda aliyekichoma na alama yako.