Picha Ikishatoka Mkononi: Maswali ya Wasomaji

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa wazazi. Moja, iliyo nzito kuliko zote, imetoka kwa kijana mwenyewe. Tumezifupisha bila kugusa kiini cha maswali.

Binti yangu ana miaka 12. Wenzake wana akaunti za Instagram na TikTok, naye ananiomba nimruhusu aandike kwamba ana miaka 18 "ili asisumbuliwe". Kuna ubaya gani? — Mama wa watatu

Upo, mama, tena si ubaya wa kuvunja kanuni tu. Instagram, TikTok na Snapchat zote hutaka mtumiaji awe ametimiza miaka 13, lakini kazi ya tarehe ya kuzaliwa haiishii mlangoni. Ndiyo inayoamua akaunti itakuwa na kinga zipi. Septemba 2024 Instagram ilianza kuwahamishia walio chini ya miaka 18 kwenye akaunti za vijana: akaunti huwa ya faragha tangu mwanzo, mtu ambaye kijana hamfuati hawezi kumwandikia, na arifa hunyamazishwa kuanzia saa nne usiku hadi saa moja asubuhi. TikTok haimruhusu kabisa aliye chini ya miaka 16 kutumiana ujumbe wa faragha. Binti akiandika 18, kinga zote hizo anazivua kwa mkupuo mmoja.

Hata uongo mdogo hukua pamoja na mtoto. Aliyejiandikisha akiwa na miaka 11 kwa kudai ana 13, siku anayotimiza 16 mtandao humhesabu ana 18. Asubiri huo mwaka mmoja. Kama akaunti ya umri wa bandia tayari ipo, pakueni kwanza picha anazozipenda ndipo mrekebishe tarehe, kwa sababu umri wa kweli ukiwa chini ya 13 akaunti inaweza kufungwa palepale.

Akaunti ya mwanangu wa miaka 14 ni ya faragha. Hata hivyo, mtu asiyemjua amemwandikia akitaja shule yake na siku za mazoezi ya timu. Amejuaje? — Baba asiyeelewa

Kufunga mlango hakuwatoi waliokwisha kuingia. Wafuasi wa zamani hubaki, na jina, picha ya wasifu na maelezo mafupi yaliyo chini yake huonekana kwa kila mtu. Kisha kuna marafiki: mwenzake mwenye akaunti ya wazi akiposti picha ya timu na kumtagi, faragha ya mwanao haina la kufanya. Na kama anatumia jina lilelile la mtumiaji kwenye mitandao mitatu, anayemtafuta ana nyuzi tatu za kuvuta.

Kaeni pamoja nusu saa, simu ikiwa mikononi mwake, si mwako. Aanze kwa kujitafuta kama mgeni, kupitia simu ambayo haijaingia kwenye akaunti yake. Halafu apitie wafuasi mmoja mmoja kwa swali moja tu: huyu nimewahi kuonana naye ana kwa ana? Ambaye hajawahi, amwondoe. Huyo hatapata taarifa kwamba ameondolewa. Kisha awashe mpangilio unaomtaka aidhinishe tagi kabla haijaonekana kwenye wasifu wake. Picha yenyewe itabaki kwa aliyeiposti, kwa hiyo rafiki huyo aombwe kwa mdomo. Kwenye Snapchat ahakikishe ramani inayowaonyesha wengine alipo iko katika hali ya kujificha.

Wengi huogopa data ya mahali inayojificha ndani ya faili la picha. Ni hofu ya haki, lakini mtu anayeitazama picha kwenye Instagram haipati data hiyo. Hatari ni pale faili la asili linapotumwa kwa barua pepe au kama hati kwenye WhatsApp. Dawa yake ni kuinyima kamera ruhusa ya mahali. Kwa maoni yetu, kinachomtaja mtoto upesi zaidi ni nembo ya sare kifuani, ratiba iliyobandikwa ukutani nyuma yake, na kuposti akiwa bado mahali pale badala ya kungoja aondoke.

Shikamooni. Nina miaka 16. Msichana tuliyefahamiana mtandaoni alinitumia picha yake ya utupu akaniomba yangu. Nilipotuma tu akageuka: anataka pesa, la sivyo ataisambaza kwa wafuasi wangu wote. Nimelipa mara moja, sasa anataka maradufu. Sijamwambia mtu.

Marahaba, mwanetu. Huyo karibu hakika si msichana. Ni mtu, mara nyingi kundi, anayefanya hivi kama kazi, na picha uliyotumiwa ni ya mtu mwingine. Wavulana wa rika lako ndio wanaolengwa zaidi na ulaghai huu wa pesa. Usilipe tena. Malipo ya kwanza hayakununua ukimya; yalimwonyesha kwamba pesa unazo na hofu unayo.

Mpangilio wa hatua una maana yake. Kwanza acha kujibu, lakini usifute chochote. Piga skrinshoti za jina la akaunti yake, anwani ya wasifu wake, vitisho, na namba aliyotaka itumiwe pesa. Fanya hivyo kabla ya kumblok, maana kwenye baadhi ya programu mazungumzo hutoweka ukishamblok. Kisha ripoti akaunti hiyo ndani ya programu, ukichagua sababu inayotaja picha za utupu au vitisho. Haambiwi aliyemripoti ni nani. Baada ya hapo mblok, na Instagram ikikupa chaguo la kublok pia akaunti mpya atakazofungua, likubali. Wengi kwa hofu hufuta akaunti yao wenyewe. Hapo wanaoupoteza ushahidi ni wao, ilhali mlaghai aliyekwisha kunakili orodha ya wafuasi hapotezi kitu.

Hatua inayofuata ni Take It Down, huduma ya bure ya NCMEC, shirika la Marekani la watoto waliopotea na wanaodhulumiwa, iliyo wazi kwa watu wa nchi yoyote ambao picha ilipigwa wakiwa chini ya miaka 18. Picha haitoki kwenye simu yako. Simu huigeuza kuwa mfuatano wa tarakimu na herufi, mfano wa alama ya kidole, na alama hiyo peke yake ndiyo hupelekwa kwa mitandao inayoshiriki ili iitambue picha na kuiondoa. Ndiyo maana usiifute picha kabla ya kumaliza hapa. Huduma ina mipaka yake: haifiki ndani ya mazungumzo yaliyosimbwa, yaani yanayosomeka kwa wahusika tu, kama ya WhatsApp, na picha ikikatwa au kuhaririwa alama hubadilika, hivyo kila toleo unalolijua linahitaji kuwekewa alama yake. Aliyekuwa ametimiza 18 picha ilipopigwa hutumia StopNCII.org, inayofanya kazi kwa njia hiyohiyo.

Haya yote ni mengi kwa mtu mmoja wa miaka 16. Mwambie mtu mzima mmoja leo, ndiye atakayekwenda nawe polisi na zile skrinshoti. Ulimi ukiwa mzito, mpe ukurasa huu ausome. Na kama mawazo ya kujidhuru yamekuja, usikae peke yako hata saa moja. Mwamshe mtu, hata kama ni usiku wa manane.

Wazazi mnaosoma: "umefanya vizuri kuniambia" ni maneno matatu, na ndiyo yatakayoamua kama mtasikia habari yote au nusu. Swali la "kwa nini ulituma" linaweza kungoja wiki. Kumnyang'anya simu usiku huohuo ni kuuweka ushahidi hatarini, na ni kumfundisha kwamba safari nyingine anyamaze.

Je, niwe na nenosiri la mwanangu? — Mlezi

Hapana. Atafungua akaunti ya pili ambayo hutaijua. Tumieni usimamizi wa wazazi uliomo kwenye programu zenyewe, mkiuwasha pamoja: kituo cha familia cha Snapchat, kwa mfano, hukuonyesha aliowasiliana nao ndani ya siku 7 zilizopita bila kukuonyesha walichoandikiana. Programu za upelelezi wa siri hatuzishauri. Cha muhimu kuliko nenosiri ni uthibitishaji wa hatua mbili, yaani kuingia kwa nenosiri pamoja na namba ya mara moja, na namba zake za akiba ziandikwe kwenye karatasi, si ndani ya simu ileile inayoweza kuibwa.

Binti yangu wa miaka 15 hufuta picha isipopata laiki za kutosha ndani ya saa moja. Siku hizi analalamikia ngozi yake kila mara. — Mama yake

Kwenye Instagram anaweza kuficha idadi ya laiki, zake na za wengine. Afanye hivyo, ingawa nafuu yake ni ndogo. Kinachomlisha zaidi ni mapendekezo, yaani video ambazo programu humchagulia. Programu haihesabu laiki tu; hupima pia alivyokawia kutazama. Akiitazama video ya uso usio na doa kwa dakika nzima huku moyo unamuuma, mashine haioni maumivu, inaona dakika, nayo inamletea nyingine. Kwa hiyo azipitishe haraka, abonyeze kuwa hazimvutii, au aweke upya mapendekezo yote. Instagram ina chaguo hilo. Akishayaweka upya, siku chache za mwanzo atafute kwa makusudi anachokipenda, la sivyo yaleyale yatarudi.

Halafu mpe kamera kazi nyingine isiyo uso wake: vivuli, milango, mikono ya watu wakiwa kazini. Picha moja kwa siku, siku 30, ionekane kwa orodha ya marafiki wa karibu tu. Vivuli havina chunusi. Lakini akianza kuruka milo au kukataa kutoka nje kwa sababu ya sura yake, hilo limeshavuka mipaka ya safu hii. Mpelekeni kwa mhudumu wa afya.

Mpwa wangu ameniomba nifute picha yake niliyoiposti, eti inamwaibisha. Mbona ni picha nzuri tu? — Mjomba

Ifute leo, mjomba, kisha mwambie umeifuta. Hizo nyingine za utotoni mwake zilizo kwenye ukurasa wako, mpe simu achague zipi zibaki.